Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Miji Iliyozaliwa na Vivuko

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi naomba muda wenu kwa kazi moja iliyotushughulisha zaidi mwaka huu, yaani majina ya miji tunayoishi hapa Uingereza.

Mkutano uliopita mzee wetu mmoja alisimama akauliza: sisi tuliotoka Dar, Mombasa na Bukavu, kwa nini ada zetu ziende kwenye majina ya Waingereza? Lilikuwa swali la haki na nimelibeba mwaka mzima. Jibu langu ni kwamba watoto wetu wamezaliwa Bedford na Bradford, na wakituuliza maana ya majina hayo hatukuwa na la kuwajibu. Mtoto wa Dar akisikia Kivukoni anajua hapo watu huvuka. Kumbe na Bedford ni kivuko.

Ford, kwa Kiingereza cha kale, ni mahali mto ulipo na kina kifupi, watu na mifugo wakapita kwa miguu bila daraja wala mtumbwi. Kamati ya majina ikaanza kuyatia Kiswahilini. Oxford ni Kivuko cha Maksai, na watu wa Wales huuita mji huo Rhydychen kwa maana ileile, kwa hiyo si sisi wa kwanza kulifasiri. Bradford ni Kivuko Kipana, Hertford Kivuko cha Ayala, Hereford Kivuko cha Jeshi. Bedford ni kivuko cha mtu aliyeitwa Beda. Fulford, karibu na York, ni Kivuko Kichafu, na nadhani aliyekiita hivyo alikuwa ametoka kufua nguo zake. Nikiyasoma kwa Kiswahili nasikia sauti ya mchunga ng'ombe na mchukuzi, si ya mfalme.

Matembezi yaliyonigusa kuliko yote ni ya Stratford, mashariki mwa London. Jina lina barabara ndani yake: barabara ya Warumi kutoka London kwenda Colchester, iliyouvuka mto Lea kwa kivuko. Inasimuliwa kwamba Malkia Matilda, mke wa Henry wa Kwanza, alitota akivuka hapo, akaagiza lijengwe daraja. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa karne ya 12. Daraja lilikuwa la tao, limepinda kama upinde, na upinde kwa Kiingereza ni bow. Ndiyo asili ya Bow, mtaa ambao baadhi yenu mmekaa miaka 20. Mama mmoja aliyepanga pale tangu ujana wake alisimama ukingoni akanyamaza kwa muda mrefu, na mimi sikumharakisha.

Vijana walichangamka tulipofika kwenye Stamford Bridge. Wote walidhani ni uwanja wa Chelsea tu. Lakini ziko mbili. Ya Yorkshire ni kivuko cha mawe kilichokuja kupata daraja, na hapo ndipo Harold, mfalme wa Uingereza, alipowashinda Wanorwe tarehe 25 Septemba 1066, siku tano baada ya wao kushinda Fulford. Ya London imetokana na daraja kwenye kivuko cha mchanga, juu ya kijito kilichokuwa kikielekea Thames. Jina moja, mawe huku, mchanga kule.

Cambridge nayo ilitufunza jambo. Zamani iliitwa kwa daraja la mto Granta. Ndimi za watu zikalisaga jina hadi likawa Cambridge, kisha watu wakauita mto Cam kwa kufuata mji. Mtoto akamzaa mama.

Nawajibika kusahihisha makosa mawili kwenye ramani yetu ya ukutani. Bridgwater tuliiandika Daraja la Maji. Sivyo: ni daraja la Walter, bwana aliyepewa ardhi ile baada ya Wanormani kuiteka nchi. Na Redruth, kule Cornwall, tulidhani wekundu umo kwenye Red. Kwa Kikornwall hiyo Red ndiyo kivuko, na wekundu uko kwenye ruth. Ramani mpya itabandikwa mwezi ujao. Watu wa pwani watafurahi kuona humo Lambeth na Putney, ambayo hayakutokana na vivuko vya miguu bali na madiko, yaani mahali mashua zinapofikia ukingoni: Diko la Wanakondoo, na diko la mtu aliyeitwa Putta.

Upungufu upo. Safari moja ilivunjika kwa sababu basi tulilolilipia halikuja, na wazee walisimama kwenye baridi kwa muda wa saa mbili. Nawaomba radhi. Fedha zimerudishwa, na kuanzia sasa tutasafiri kwa treni.

Mwaka ujao kamati inapendekeza Wallingford, mahali William, kiongozi wa Wanormani, alipouvuka Thames mwaka 1066 akielekea London. Ni kivuko cha watu wa Wealh, na jina hilo lilikuwa neno la Waingereza wa kale kwa mgeni, na kwa Mwelsh. Mzee aliyeuliza swali lile amekubali kutuongoza siku hiyo. Anayetaka kwenda ajiandikishe kwa katibu leo kabla ya chai, na aje na viatu vya kukanyagia matope.