Wito wa Harambee: Tumtibu Binti Yetu Kabla Jino la Chonge Halijashuka

Wapendwa washirika, majirani wa Brooklyn Park hapa Minnesota na marafiki wote wa kanisa letu,

Kamati ya harambee inawaandikia kwa niaba ya familia moja ya usharika wetu, yenye binti wa miaka 8 anayehitaji matibabu ya taya na meno ambayo bima ya afya ya baba yake imekataa kuyagharimia. Wazazi wameomba jina la mtoto lisiandikwe, nasi tumekubali. Wengi wenu mnamfahamu, kwa kuwa ndiye aliyesoma zaburi siku ya watoto, akaurudia mstari mmoja mara tatu mpaka akaridhika kwamba ameutamka sawasawa.

Alizaliwa na mpasuko wa mdomo na kaakaa, hali inayompata takriban mtoto 1 kati ya kila 700 wanaozaliwa duniani. Wengi wetu tulikua tukisikia hali hii ikiitwa kwa jina la sungura, na tunaomba jina hilo lisitamkwe tena, hasa mbele ya watoto. Mdomo wake ulishonwa akiwa na miezi minne na kaakaa kabla hajatimiza mwaka mmoja na nusu, na bima ililipia yote mawili bila ubishi. Kilichobaki ni pengo katika mfupa wa ufizi wa juu, upande wa kushoto. Pengo hilo hujazwa kwa mfupa unaochotwa kwenye nyonga ya mtoto mwenyewe, na wakati wake ni kati ya miaka 8 na 12 hivi, kabla jino la chonge halijashuka, kwa sababu jino hilo likikuta pengo tupu halina mfupa wa kushikilia mizizi yake, na laweza kupotea pamoja na meno yaliyo kando yake.

Taya la juu la mtoto aliyeshonwa kaakaa, hata hivyo, mara nyingi huwa jembamba, kwa kuwa kovu hulizuia kupanuka linapokua. Daktari bingwa wa kupanga meno hulitanua kwanza kwa kifaa cha chuma kinachofungwa kwenye magego, ambacho mzazi hukizungusha kidogo kidogo nyumbani kwa ufunguo mdogo, ndipo daktari wa upasuaji apate nafasi ya kuweka mfupa. Hapa ndipo penye shida yetu. Bima imekubali kulipia upasuaji wa mfupa, ila kazi ya kutanua taya imeiita kazi ya meno na ya urembo, ikaikataa. Wamekubali kuezeka paa, wamekataa kununua boriti.

Baadhi yenu mmekwisha kuuliza kama sheria ya Minnesota haiziagizi bima za afya kugharimia matibabu ya mpasuko, yakiwamo ya kupanga meno na upasuaji wa kinywa. Inaziagiza, na inayataja hayo waziwazi. Lakini mwajiri wa baba ni kampuni kubwa inayolipia matibabu ya wafanyakazi wake kutoka mfuko wake yenyewe, na ile kampuni ya bima ambayo jina lake liko kwenye kadi ni karani tu wa kupokea ankara. Mipango ya namna hiyo iko chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1974, maarufu kwa kifupi kama ERISA, na amri za jimbo juu ya bima haziifikii. Laiti baba angekuwa ameajiriwa na duka dogo lililonunua bima ya kawaida hapa jimboni, barua hii isingeandikwa.

Kongresi ingeweza kuliziba pengo hilo la sheria, kama ilivyofanya mwaka 1998 ilipoiagiza mipango inayolipia upasuaji wa kuondoa titi lenye saratani ilipie pia kulijenga upya. Aprili 2022 Baraza la Wawakilishi lilipitisha, kwa kura 310 dhidi ya 110, muswada wa kuilazimisha mipango ya bima kugharimia matibabu ya kasoro za kuzaliwa, meno yakiwamo, lakini Seneti haikuukamilisha.

Wazazi wamekata rufaa, na daktari amewaandikia barua ya kueleza kwa nini kifaa hicho si pambo. Rufaa hiyo ikishindikana, watakuwa na miezi minne ya kuomba mkaguzi huru alipitie shauri. Tunawaunga mkono, ila picha ya eksirei inaonyesha kwamba chonge limeanza safari, na daktari ameshauri kazi isisubiri majibu ya barua. Mzee wetu mmoja alipendekeza mtoto apelekwe Nairobi, ambako upasuaji wa mpasuko hufanywa bure kwa ufadhili wa mashirika kama Smile Train. Wazo lake ni jema, lakini matibabu haya yanataka daktari yuleyule kila baada ya wiki chache kwa muda wa karibu mwaka mzima.

Kazi ya kutanua taya na kupanga meno ya mbele itagharimu dola 6,200. Bima ya meno ya familia, ambayo ni kadi nyingine kabisa, inatoa dola 1,500 tu kwa maisha yote ya mtoto. Ziko pia dola 3,000 ambazo familia lazima ijilipie kabla bima ya afya haijaanza kulipia upasuaji. Wazazi wameweka akiba ya dola 1,200, na kwa hiyo tunatafuta dola 6,500.

Harambee itafanyika Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, mara baada ya ibada, katika ukumbi wa chini. Hakutakuwa na mgeni wa heshima safari hii. Akina mama wataandaa chai na chapati, na bahasha zitakusanywa bila kutangaza nani ametoa kiasi gani. Fedha zitalipwa moja kwa moja kwenye kliniki, na mweka hazina atasoma risiti mbele ya usharika kila robo mwaka. Rufaa ikifaulu, kila mchangiaji ataulizwa kama arudishiwe mchango wake au uingizwe katika mfuko wetu wa wagonjwa. Ahadi zitapokelewa hadi mwisho wa mwezi ujao, lakini wenye uwezo tunawaomba watoe mapema, kwa kuwa kliniki inataka dola 1,500 siku ile kifaa kitakapofungwa.

Wenu katika utumishi,
Kamati ya Harambee