Risala ya wahitimu wa Stashahada ya Utabibu wa Kinywa na Meno kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo, wakufunzi na wafanyakazi wote,
Wazazi, walezi na wageni waalikwa,
Wanachuo wenzetu,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha majukumu yako mengi ukaja kuketi nasi. Historia ya chuo hatutairefusha. Kilianza na viti 3 vya matibabu, leo kina viti 8, na wahitimu wake wapo katika hospitali za wilaya na vituo vya afya ambako mara nyingi ndio watu pekee wa meno.

Mafanikio yetu ni makubwa. Mwaka 2020 vitakasa mikono vilipoadimika madukani, wanachuo walichanganya wenyewe kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani: kwa kila lita 10, ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini mililita 145, na kilichosalia ni maji yaliyochemshwa yakapoa. Jengo la utawala limepakwa rangi, miti imepandwa kuzunguka uzio, na timu ya netiboli imefika nusu fainali.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, leo tuna ombi moja tu, nalo ni saksheni ya nguvu, yaani mashine ya kunyonya maji, mate na ukungu kinywani mwa mgonjwa, kwa ajili ya kliniki ya mafunzo.

Vyuo vilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya corona, vikafunguliwa tarehe 1 Juni. Nadharia ilifidiwa kwa vipindi vya jioni na Jumamosi. Mazoezi ya mikono hayakufidika, na sababu yake ipo ndani ya ukumbi wa kliniki. Mgonjwa wa meno hawezi kuvaa barakoa akiwa anatibiwa. Airota, yaani mashine ya kutobolea jino, huzunguka hadi mara 400,000 kwa dakika huku ikipozwa kwa maji, na pamoja na skela ya mtetemo, ambayo huondoa ugaga wa meno, hurusha ukungu wenye mate na damu. Matone makubwa huangukia karibu na kiti. Madogo hubaki yakielea. Barakoa ya N95 humlinda mwanachuo aliyeivaa vizuri, ikakaza usoni. Haimlindi mgonjwa wa kiti cha jirani aliyelala kinywa wazi.

Ukumbi wetu una madirisha upande mmoja tu. Chumba kinachobadilisha hewa mara 6 kwa saa huhitaji dakika 69 kuondoa asilimia 99.9 ya chembe hizo. Kinachobadilisha mara 12 huhitaji 35. Kwa hiyo wakati wa corona vilitumika viti 2 vya pembeni, na viti 6 vikafunikwa. Ukijumlisha saa moja ya kujaza jino, dakika 69 za kusubiri na dakika 10 za kufuta kiti, basi kutoka saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri kiti kimoja kilipokea wagonjwa 3. Kung'oa kwa koleo hakurushi ukungu, hivyo kuliendelea. Ujazaji wa vifaa vya mkono kwa saruji ya meno iitwayo glasi ayonoma, ulioanzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, ulitusaidia sana, ila haufai pale uozo ulipokwisha kufika kwenye kiini cha jino. Ndiyo maana wapo waliohitimu wakiwa hodari wa kung'oa lakini matibabu ya mzizi wameyagusa mara chache mno. Anayelipia pengo hilo ni mgonjwa wa kijijini, anayeng'olewa jino ambalo lingepona.

Saksheni tuliyonayo ni ya mrija mwembamba, inayoendeshwa kwa hewa ya kompresa, na kompresa hiyo hiyo ndiyo inayozungusha airota. Viti 4 vikiwashwa kwa pamoja presha hushuka. Airota hulemewa, mwanachuo hukandamiza, jino hupata joto, na kiini chake huumia. Mrija nao hunyonya mate yaliyotuama tu. Tena mgonjwa akiufumbia midomo, majimaji ya aliyetangulia yanaweza kumrudia mdomoni.

Tunachoomba ni pampu ya kati ya saksheni yenye kuvuta walau lita 300 kwa dakika katika kila ncha, ncha ziwe na upana wa milimita 8 au zaidi. Msaidizi akiishika ncha karibu kabisa na jino, inaweza kupunguza ukungu hadi asilimia 90 kabla haujasambaa. Pampu ikae chumba cha nje, bomba lake la kutolea hewa lipande juu ya paa, lisiishie chini ya madirisha. Mabomba yawe na mteremko, na kona zake ziwe za nyuzi 45, maana kona kali huziba kwa vipande vya amalgamu, yaani mchanganyiko wa zebaki na metali nyingine unaojazia meno. Kiwepo chujio la amalgamu, stabilaiza ya umeme, vipuri, na dawa ya kusafishia isiyotoa povu. Jiki isitumike kabisa: hula chuma na huyeyusha zebaki iliyomo kwenye amalgamu.

Mheshimiwa, ombi hili si jipya. Lilisomwa hapa mwaka 2021, na mgeni rasmi wa siku ile aliahidi mbele ya wazazi kwamba pampu ingefika kabla ya mwaka wa fedha kwisha. Mwaka 2022 walikuja mafundi, wakapima, wakachora njia ya mabomba ukutani kwa chaki. Tulipopaka rangi tuliuruka ukuta ule ili alama zisipotee. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura, na tangu hapo tukifuatilia tunajibiwa kuwa corona imekwisha. Mwaka 2024 tukaletewa makasha ya barakoa. Tulishukuru kwa dhati na zimetumika zote, lakini tulikuwa tumeomba pampu. Kwa heshima kubwa tunasema kifua kikuu bado kipo, nacho husafiri kwa hewa ile ile.

Sisi kwa upande wetu tumetenga chumba, tumemwaga zege la msingi na kuvuta umeme wa fezi tatu. Kama pampu ya viti 8 ni mzigo mkubwa, ianze ya viti 4, ila bomba kuu liwe la viti 8 tangu mwanzo ili ukuta usibomolewe mara ya pili. Tunaomba pia ahadi utakayoitoa leo iandikwe katika kitabu cha wageni, pamoja na tarehe na ofisi itakayoifuatilia.

Kabla ya chakula, Mheshimiwa, tunakuomba uingie nasi kliniki. Tutawasha viti 4 kwa pamoja usikie mwenyewe airota inavyolemewa.

Tunaomba kuwasilisha.