Bei ya Serafi Sokoni

Ndugu Mhariri,

Karibu na Soko la Sabasaba hapa Dodoma kuna kijana anauza vikaratasi vya sala vyenye majina ya malaika. Bei inapanda kwa cheo: malaika wa kawaida shilingi 1,000, malaika mkuu 2,000, serafi 10,000, eti kwa kuwa yuko jirani na kiti cha Mungu. Nilipomuuliza mpango huo kautoa wapi akanijibu, "Mzee wangu, haya ni mapokeo ya Kanisa la kale."

Mapokeo yapo kweli. Karibu mwaka 500, mwandishi aliyejificha nyuma ya jina la Dionisi wa Areopago, yule mwongofu wa Paulo kule Athene, aliwapanga malaika makundi tisa: Maserafi, Makerubi na Viti vya Enzi, kisha Usultani, Nguvu na Mamlaka, chini Falme, Malaika Wakuu na Malaika. Kwa hesabu hiyo malaika mkuu ni wa pili kutoka chini, na wengi hushangaa nikiwaambia. Papa Gregori Mkuu aliwahi kubadilisha nafasi za Nguvu na Falme. Mshairi Dante wa Italia akamtania kwamba alipofika mbinguni na kuona hali halisi alijicheka.

Lakini kijana hajaelewa ngazi zile ni za nini. Kwa Dionisi, nuru hushuka kutoka juu, kila kundi likilipokeza la chini yake, bila kuruka. Mimi nimestaafu nikiwa karani wa masijala, utaratibu huo naujua: jalada halitoki kwa Katibu Mkuu likatua moja kwa moja kwa mhudumu. Ndiyo maana Isaya sura ya 6 ilimsumbua Dionisi. Pale serafi anashuka na kaa la moto, anamgusa nabii midomo! Aliandika sura nzima juu ya hilo. Maelezo mojawapo aliyoyatoa ni kwamba aliyekuja ni malaika wa chini, ila kazi ikahesabiwa ya serafi. Niliposoma nilicheka peke yangu. Ni ile barua yenye "Kny: Katibu Mkuu", yaani kwa niaba yake.

Kwa hiyo mwenye 10,000 yake ananunua njia ya mkato ambayo mpangaji wa ngazi mwenyewe hakuikubali.

Na majina je? Mwaka 745 sinodi ya Roma, yaani mkutano wa maaskofu, chini ya Papa Zakaria, ilimhukumu mhubiri Aldebert, ambaye sala yake iliwaita malaika kama Raguel na Tubuel. Ikasema majina yanayojulikana ni matatu: Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli. Kwenye karatasi ya Sabasaba, Raguel ni wa nne, na chini yake bado kuna foleni.

Karani mstaafu,
Nkuhungu, Dodoma