Bondia halishwi vidonge

Ndugu Mhariri,

Binti yangu hupigana uzani wa kilo 50. Wiki ya kupima uzito hujivika mifuko ya plastiki akakimbia juani, chakula chake kipande cha tikiti na maji ya kulowesha midomo. Kocha kamuuzia kopo la vidonge vya kalsiamu, eti mifupa i salama. Wapi! Hedhi ilikatika miezi kadhaa, kisha muundi ukapata ufa kwa kuruka kamba tu. Mwili wenye njaa hupunguza homoni inayolinda mifupa, kidonge hakiirudishi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilishaonya tangu 2014. Makocha, waulizeni mabinti kuhusu hedhi (mkiona haya, mwiteni muuguzi), wale ugali, maziwa na dagaa washibe. La sivyo wapandisheni kilo 54.

Mama wa bondia,
Mbagala, Dar es Salaam