Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula na Likizo ya Desemba

Ofisi ya Mwalimu Mkuu
Shule ya Msingi, Jiji la Tanga
Desemba

Ndugu mzazi/mlezi,

Salaam. Tunafunga shule salama, tunamshukuru Mungu. Ripoti ya mwanafunzi imeambatanishwa, na tarehe ya kufungua imeandikwa chini yake. Matokeo mmeshaelezwa na walimu wa madarasa. Leo nazungumza na mnaolea peke yenu: wajane, wagane, mlioachika, mama ambao hamkuolewa, bibi wenye wajukuu.

Kwenye kikao cha mwisho, mama mmoja alisinzia kwenye dawati la darasa la tatu, ripoti ya mwanawe mkononi na beseni tupu miguuni. Alikuwa soko la samaki la Deep Sea tangu alfajiri kuchukua samaki, akatembeza mitaani hadi saa sita, ndipo akaja. Hatukumwamsha mpaka zamu yake ilipofika. Wengi wenu ndivyo mnavyoishi, na likizo inazidisha: watoto wako nyumbani kutwa, nao biashara haisubiri.

Mzazi, nakuomba upumzike. Mtoto wa darasa la tano, wa kike kwa wa kiume, anaweza kuosha vyombo na kufagia uwanja. Mwachie, ujinyooshe mkekani. Pangeni zamu na majirani mnaoaminiana: leo watoto washinde kwako, kesho kwa mwenzio, nawe siku hiyo ukasuke nywele, uende kwa ndugu Muheza, au ulale tu. Ila Raskazone wasiende kuogelea bila mtu mzima, hasa siku ya sikukuu.

Vikoba vingi, vile vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, vinavunjwa mwezi huu na akiba inagawanywa. Kabla ya pilau na nguo mpya, tenga hela ya sare, viatu na madaftari, maana elimu bila ada iliyoanza 2016 haigusi hayo. Gauni la mwaka jana likifuliwa na kupigwa pasi linatosha. Tafadhali usiingie kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, kwa ajili ya siku moja. Deni hilo ndilo linalowanyima wazazi usingizi Januari nzima.

Kama mzazi mwenzio yupo na hatoi matunzo, Sheria ya Mtoto ya 2009 inambana hata kama hamkufunga ndoa. Anzia kwa afisa ustawi wa jamii. Ikishindikana, mahakama ipo. Kudai haki ya mtoto si kujidhalilisha.

Wajane ambao hii ni sikukuu ya kwanza bila mwenzi wenu, msijikaze mchana na usiku. Mtoto akikuona unalia, mweleze kwamba unamkumbuka marehemu, naye anamkumbuka. Akina baba, nanyi semeni. Kunyamaza kumewachosha wengi ninaowafahamu.

Ukihofia usalama wa mtoto yeyote, piga 116, ni bure. Mwalimu wa malezi na unasihi atakuwepo shuleni kila Jumatatu asubuhi, isipokuwa siku za sikukuu. Hahitaji miadi, na watoto mnaweza kuja nao.

Wenu,
Mwalimu Mkuu