Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: sindano inatufikia, mazoezi hayatufikii

Ndugu Mganga Mkuu,

Nakusalimu kutoka Rungwe, ambako mvua imeanza alfajiri na haina dalili ya kukatika.

Mdogo wangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili. Sauti zilizokuwa zikimtukana usiku zimenyamaza tangu aanze sindano ya kila mwezi, na kwa hilo nawashukuru sana wauguzi. Lakini mtume dukani chumvi na sabuni, atarudi na chumvi tu, au atarudi mikono mitupu akiuliza alitumwa nini. Anabandika maharage, anaketi kando ya jiko, na yanaungua akiyatazama. Zamani ndiye aliyetuuzia ndizi zetu sokoni Kiwira. Siku hizi mteja akitoa noti ya elfu kumi, hesabu ya chenji inampotea katikati. Majirani wanasema ni mvivu. Si mvivu. Ugonjwa huu hula umakini, kumbukumbu na uwezo wa kupanga mambo, na dawa inayotuliza sauti hairudishi sana hayo.

Ipo tiba yake, wala si kidonge. Mgonjwa hufanyishwa mazoezi ya kuzingatia, kukumbuka na kupanga, kwa kurudiarudia, kwa wiki nyingi, akiwa na mtaalamu anayemsaidia kupata mbinu zake mwenyewe: kutaja vitu vya dukani kwa sauti, kuikata kazi vipande, kusimama na kujiuliza amefika wapi. Mwaka 2011 mwanasaikolojia Til Wykes wa King's College London na wenzake walijumlisha tafiti 40 zenye washiriki 2,104, wakaona tiba hii inasaidia. Maisha ya kila siku yalinufaika zaidi pale mbinu zilipofundishwa na mazoezi yakaenda pamoja na huduma nyingine za utengamao, yaani za kumsaidia mgonjwa arudi kwenye shughuli zake. Mimi nilifundisha darasa la pili miaka mingi, kwa hiyo sikushangaa. Hakuna mtoto aliyejua kujumlisha kwa kukabidhiwa daftari.

Sasa hesabu yetu. Nauli ya kwenda Mbeya mjini, bodaboda mpaka lami kisha kosta, tunaimudu mara moja kwa mwezi. Mazoezi mara mbili kwa wiki ni safari nane. Na hata nauli ikipatikana, kelele za stendi zinamchosha kiasi kwamba akifika hana akili iliyobaki ya kufanyia zoezi lolote.

Ndiyo maana naomba tiba hii ije kwa simu. Wakati wa Korona, mwaka 2020, wataalamu wa afya ya akili katika nchi nyingi walilazimika kuhudumia wagonjwa kwa simu na video. Ila isije programu peke yake, tafadhali. Kijana mmoja alinishauri nimpakulie mdogo wangu michezo ya kukumbuka picha. Nikapakua. Siku ya nne nikamkuta anasikiliza kwaya.

Anahitaji mtu yuleyule, siku zilezile, anayemjua kwa jina na atakayemuuliza: jana dukani ilikuwaje? Mtandao ukigoma, video iachwe, wapige simu ya kawaida. Awepo pia mtoa huduma ngazi ya jamii wa kuketi naye mara za mwanzo, na ajulikane nani wa kupigiwa sauti zikirudi, kwa sababu mazoezi haya hayachukui nafasi ya sindano wala kliniki.

Usituambie tutumie simu zetu. Nyumbani kwetu simu ni moja, bando linakatika, na mambo ya mgonjwa hayazungumzwi sebuleni wajukuu wakisikiliza. Kishikwambi kimoja kikae zahanati, kwenye chumba chenye mlango unaofungwa, wakitumie wagonjwa wote wa kata kwa zamu.

Anza na zahanati moja. Yetu ina chumba cha nyuma kilichojaa maboksi matupu. Mtandao unashika vizuri upande wa dirisha. Maboksi nitakuja kuyatoa mwenyewe.

Mwalimu mstaafu,
Rungwe