Setilaiti haifiki chini ya bahari

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu barafu ya Antaktika ilisema kwamba siku hizi setilaiti zinapima bahari yote. Hapana. Nimefanya kazi ya sitaha kwenye meli ya utafiti katika Bahari ya Weddell, kule kule Antaktika, na hilo siwezi kulinyamazia.

Setilaiti huona uso wa maji. Maji yenyewe yenye kisa yako chini kabisa. Bahari ya kule ikiganda, kwenye nyuzijoto 1.9 hivi chini ya sifuri, chumvi nyingi hukataa kuingia kwenye barafu, hubaki majini. Maji hayo baridi yaliyokolea chumvi ni mazito. Huporomoka hadi zaidi ya mita 4,000 kwenda chini, kisha hutambaa kuelekea kaskazini.

Kuyapima tulikuwa tukiacha nanga nzito, pengine magurudumu makuukuu ya garimoshi, na juu yake kamba ndefu iliyofungwa vipimo vya joto, chumvi na mkondo, ikivutwa wima na maboya. Hata boya la juu kabisa huachwa ndani kabisa ya maji, maana likielea juu, siwa barafu, yaani mlima wa barafu unaoelea, litalikokota na kamba yake yote. Redio nayo haipenyi maji. Basi takwimu hukaa humo humo mpaka meli irudi baada ya mwaka mmoja, miwili. Fundi hutuma mlio majini, kufuli iliyo juu ya nanga inafunguka, na sote tuko ukingoni tunatafuta boya katikati ya mabonge ya barafu. Likiibukia chini ya barafu, serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitaha, halali siku hiyo!

Mwaka 2023 watafiti wakiongozwa na British Antarctic Survey, taasisi ya Uingereza ya utafiti wa Antaktika, walieleza kwamba maji hayo ya chini ya Weddell yamepungua kwa zaidi ya asilimia 20 katika miaka 30. Hilo halikusomwa kwenye picha ya angani.

Wala si habari ya mbali. Maji ya chini yenye asili ya Antaktika hupenya Mlango wa Amirante, karibu na Shelisheli, yakaingia bonde la Somalia, mbele ya pwani yetu hii.

Naomba mchapishe sahihisho. Msomaji akishaamini kwamba setilaiti zinatosha, hataona kwa nini nchi yoyote ilipie mafuta ya meli kwenda kuokota maboya.

Baharia mstaafu,
Likoni, Mombasa